Sura ya Sita: Walivuma, Kisha Wakaishia Wapi?

Redio inapofungua kipindi cha zilipendwa, swali huwa lile lile, iwe Kariakoo au Buganguzi kule Kagera: "Hivi hawa waliishia wapi?" Kwa bendi nyingi za dansi jibu halitafutwi mbali. Wazee watakuambia mwimbaji alihamia bendi gani, mpiga solo alifariki lini, na shirika lililokuwa na bendi lilikufa vipi. Lakini zipo bendi chache ambazo zikitajwa, hata wazee hubaki wakitazamana. Mojawapo ni Sunburst ya Dar es Salaam. Ilianza na miaka ya 1970, ikarekodi kati ya 1973 na 1976, ikatoa albamu moja tu iitwayo Ave Africa, kisha kimya. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Strut yenye asili yake London ilikusanya rekodi zao na kuzitoa upya. Wasikilizaji wa Ulaya na Marekani wakashangaa: Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa na bendi ya roki yenye magitaa ya kukwaruza, na vijana wa Tanzania yenyewe hawana habari!

Bendi ya namna hii huitwa "ya ajabu" au "yenye siri", kana kwamba wanamuziki wake walikuwa majini waliotokea usiku na kutoweka alfajiri. Sura hii inapinga picha hiyo. Si kwamba bendi ina siri kwa sababu wapigaji wake waliamua kujificha. Inakuwa na siri kwa sababu ya mambo ya kawaida kabisa: nani alimiliki vyombo, santuri zilichapwa nchi gani, nani aliandika majina kwenye boksi la tepu, na nani alibaki kuzipiga nyimbo baada ya wenyewe kuondoka. Ukiyafahamu hayo, siri inageuka kuwa historia, na historia inaweza kutunzwa.

Huu ulikuwa muziki gani?

Tuanze na maneno matatu ambayo msomaji atakutana nayo. La kwanza ni saikedelia. Ni mtindo uliokua Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 1960, wenye nia ya kumfanya msikilizaji ajione kama yumo njozini. Jina lake linahusishwa na dawa za kulevya za zama zile, lakini sauti yenyewe ni kazi ya umeme. La pili ni afro-roki, yaani magitaa hayo ya umeme yakiwekwa juu ya midundo ya Kiafrika. La tatu ni indi, neno la siku hizi kwa mwanamuziki asiye chini ya kampuni kubwa, anayejitafutia mwenyewe studio, ukumbi na soko.

Sauti ya njozi hutengenezwa kwa vifaa ambavyo fundi yeyote wa redio angevielewa. Kuna kijisanduku cha chuma kiitwacho fazi, kinachokaa sakafuni mbele ya mpiga gitaa. Akikikanyaga, umeme unaotoka kwenye nyuzi unakuzwa kupita kiasi mpaka vilele vya mawimbi yake vinakatika, na noti iliyokuwa nyororo inatoka ikikwaruza na kuvuta muda mrefu. Kifaa kingine ni pedali ya wawa, inayopanda na kushuka chini ya unyayo. Kisigino kikikandamiza, sauti inaziba na kuwa nzito. Vidole vikikandamiza, inafunguka na kuwa kali. Mpigaji akiuchezesha mguu kwa kufuata mdundo, gitaa linasikika kama linataka kutamka. Ongeza mwangwi wa kutengenezwa na kinanda cha umeme kinachoshikilia noti ndefu nyuma, na ukumbi mdogo wa Dar es Salaam unakuwa mkubwa ghafla.

Hapa msomaji makini anaweza kupinga: si huo ni muziki wa Wazungu tu, uliovalishwa kanga? Jibu ni kwamba kwa kipimo hicho hata muziki wa dansi tunaouita wetu hautapona. Gitaa lilitoka nje, na rumba iliingia kwa santuri za Kuba kabla Wakongo hawajaifanya yao na sisi kuipokea kutoka kwao. Kinachohesabika ni kile bendi inachofanya na ilichokopa. Sunburst hawakuishia kukopi. Waliimba kwa Kiswahili na Kiingereza, na mojawapo ya nyimbo zao, "Enzi za Utumwani", inabeba jina ambalo bendi ya London isingekuwa na sababu ya kulitunga. Wapigaji wake walikuwa watu wenye majina yao: James Mpungo aliyeimba, Hembi Flory Kongo wa gitaa, pamoja na Kassim Magati, Bashir Idi Farhan na Johnny Rodgers.

Mji uliowalea na kuwabana

Vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1960 walikuwa na bendi zao pembeni ya zile za dansi. Makundi kama The Sparks na The Rifters yalipiga roki na soul ya James Brown kwa vijana waliovaa suruali za mtindo. Serikali haikufurahia. Tangu Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba ukoloni uliwafundisha watu kuona fahari kucheza dansi za kigeni na kuzionea haya ngoma zao. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huo huo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam. Kufikia 1973 Radio Tanzania nayo ilikuwa imeagizwa kuachana na muziki wa kigeni.

Ni rahisi kusema amri hizo ndizo zilizoiua roki ya Tanzania. Ushahidi hauendi moja kwa moja hivyo. Angalia tarehe: Sunburst ilizaliwa baada ya marufuku ya 1969, na rekodi zake za kwanza zinaangukia 1973, mwaka ule ule redio ilipofungiwa nyimbo za nje. Bendi iliyokuwa ikikopi nyimbo za Marekani sasa ilikuwa na sababu ya kutunga zake, na redio iliyokatazwa za nje ilihitaji nyimbo za ndani za kujaza saa zake. Zambia mambo yalikwenda hivyo hivyo. Rais Kaunda aliagiza redio ya taifa ipige kwa sehemu kubwa kabisa muziki wa Wazambia, na miaka hiyo hiyo ikazuka roki ya Kizambia, inayoitwa leo Zamrock, yenye bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family. Kwa hiyo si ajabu kwamba safari ya Sunburst iliwafikisha Zambia na albamu yao ikatokea huko. Amri za serikali zilibana mavazi na miondoko, lakini pia zilifungua nafasi. Sababu ya kupotea lazima itafutwe mahali pengine.

Milango mitatu ya kumbukumbu

Muziki wa zama zile ulikuwa na njia tatu za kuvuka kutoka kizazi kimoja hadi kingine:

1. Santuri, ambayo mtu anaweza kuinunua na kuiweka nyumbani.
2. Tepu ya redio, inayobaki studio na kupigwa tena na tena.
3. Taasisi au watu wanaoendelea kuzipiga nyimbo baada ya watunzi wake kuondoka.

Bendi iliyopita katika milango yote mitatu haisahauliki kirahisi. Iliyopita katika mmoja iko hatarini. Tuipime Sunburst kwa kila mlango.

Tuanze na santuri. Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilitegemea Nairobi, na baadhi zilirekodi huko kwa majina ya bandia ili kukwepa matatizo nyumbani. Ukiichukua santuri ndogo ya zama hizo mkononi, utaona lebo ya karatasi katikati ina nafasi chache: jina la wimbo, jina la bendi, pengine mtunzi, na jina la kampuni. Pembeni ya lebo, kwenye sehemu laini isiyo na muziki, kuna herufi na namba zilizokwanguliwa kiwandani, ambazo ndizo humsaidia mtafiti kujua ilichapwa wapi. Mpiga besi hatajwi, wala mpiga drams, wala fundi mitambo. Basi ikiwa jina la bendi nalo ni la bandia, lebo inakuwa ukurasa uliofutwa nusu. Mambo yakazidi kuwa magumu Februari 1977, Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika. Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Bendi kama Sunburst, ambayo rekodi zake zilikuwa Kenya na Zambia, ilibaki na kazi yake ng'ambo ya mipaka, wakati fedha za kigeni za kuagiza santuri, nyuzi na spika zilikuwa adimu nchini.

Mlango wa pili ni redio. Hapa Radio Tanzania Dar es Salaam inastahili heshima kubwa. Studio yake ilirekodi karibu bendi zote za nchi, kwa kawaida bendi nzima ikipiga kwa pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na maktaba yake ikajaa maelfu ya tepu, za Sunburst zikiwemo. Bila kazi ile tusingekuwa na nusu ya zilipendwa. Lakini tepu ya redio haikuuzwa dukani. Msikilizaji wa Muleba, aliyenunua redio ya betri kwa fedha za kahawa, aliusikia wimbo siku mtangazaji alipoamua kuupiga, na hakuwa na njia nyingine. Mtangazaji akihama au ladha ikibadilika, wimbo unabaki kabatini. Na kabati nalo halikai salama milele. Tepu ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi maalumu. Katika joto na unyevunyevu wa pwani, gundi ya baadhi ya tepu hunyonya maji na kuanza kunata, hata ikipigwa bila kutayarishwa kwanza, unga unabanduka pamoja na muziki.

Mlango wa tatu ndio unaoeleza mengi zaidi. Bendi kubwa za Tanzania zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa mali ya shirika na wanamuziki walilipwa mishahara. Mpigaji akitoka, mwingine aliletwa, na nyimbo zikaendelea kupigwa kila wiki. NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo mashabiki wanaijua kama Msondo Ngoma. Majina yamebadilika lakini mnyororo haukukatika. Sunburst hawakuwa na mnyororo huo. Walikuwa indi kabla neno hilo halijafika kwetu. Uhuru wao uliwapa nafasi ya kujaribu sauti ambazo shirika lisingezilipia, na uhuru huo huo uliwanyima mrithi. Bendi ilipovunjika, hakukuwa na bendi nyingine yenye wajibu wa kuzipiga nyimbo zao Jumamosi iliyofuata.

*Kwa ufupi:* Sunburst ilipita nusu nusu katika mlango wa santuri, ikapita katika mlango wa redio bila kutoka upande wa pili, na mlango wa taasisi haikuugusa kabisa.

Kipimo kutoka Kagera

Hoja nzuri lazima ifanye kazi hata nje ya mfano wake wa kwanza. Tuijaribu mkoani Kagera, mbali na kumbi za Dar es Salaam. Saida Karoli, mwimbaji kutoka Bukoba, alitikisa Afrika Mashariki kuanzia 2001 kwa nyimbo za Kihaya, "Maria Salome" ukiwa mmojawapo. Wasiojua Kihaya hata neno moja waliucheza. Baadaye akaadimika jukwaani kwa miaka, na uvumi ukasambaa hadi wa kwamba amefariki. Hadi hapo habari inafanana na ya Sunburst: kuvuma, kunyamaza, fununu. Lakini mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipoutoa "Salome", wakiujenga juu ya wimbo wake, watu walijua mara moja chimbuko lake, na Saida mwenyewe akarudi kusikika. Tofauti iko wapi? Kanda zake ziliuzwa zikiwa na jina na sura yake. Nyimbo zake ziliingia harusini na zikabaki huko, ambako hakuna anayehitaji ruhusa ya mtangazaji. Milango miwili ilikuwa wazi, na wakati wowote mtu angeweza kupita.

Enanga ni ushahidi wa pili, na ni wa zamani zaidi. Ni chombo cha ubao uliochongwa, chenye uzi unaopitishwa juu yake kwenda na kurudi, na mpigaji wake husimulia matendo ya mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja kwa saa nyingi. Kwa karne kadhaa tendi hizo zilihifadhiwa kwa mlango wa tatu peke yake: mwalimu na mwanafunzi, na mabaraza ya watawala yaliyowapa wapigaji kazi. Mabaraza hayo yalipokwisha, sanaa hiyo ingeweza kuzama. Tunazisoma leo baadhi ya tendi hizo kwa sababu watafiti, akiwemo Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda kwa wapigaji wenyewe na kuyaandika maneno. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukafunguliwa kwa makusudi. Hakuna muujiza hapo. Kuna mtu aliyechukua hatua mapema.

Mapingamizi matatu

La kwanza: wapo wasanii wanaoitaka siri. Ni kweli. The Residents wa Marekani wamejificha nyuma ya vinyago tangu miaka ya 1970, na kutojulikana kwao ni sehemu ya sanaa yao. Lakini siri yao ina kumbukumbu kamili: albamu zimepangwa, tarehe zipo, mapato yanafika. Aliyevaa kinyago anaweza kukivua. Mwanamuziki ambaye jina lake halikuandikwa kwenye lebo hakuchagua chochote, na ni kosa kuyaweka makundi haya mawili katika fungu moja.

La pili: muziki mzuri hujitetea, uliosahauliwa ulistahili. Dunia imekwisha kulikanusha hili mara nyingi. Sixto Rodriguez wa Detroit aliuza santuri chache sana kwao Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku Afrika Kusini akiwa nyota asiyejua kwamba ni nyota. Mashabiki waliamini amekufa, kumbe alikuwa kibarua wa ujenzi. WITCH ya Zambia ilizimika na uchumi wa shaba, wapigaji wake wengi wakafariki, lakini kiongozi wao Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, alikuwepo kusimulia nyimbo zilipotolewa upya. Amezunguka Ulaya na bendi mpya, na mwaka 2023 wakatoa albamu iitwayo Zango. Nyimbo za zamani hazikuwa zimeboreka kwa kukaa. Kilichobadilika ni kwamba ziliweza kusikika.

La tatu ndilo zito: kama kampuni za ng'ambo zimeifufua kazi hii, tatizo liko wapi? Kweli tunawiwa shukrani, maana bila toleo la 2016 sura hii isingekuwa na cha kujadili. Lakini ufufuo wa namna hiyo una mipaka. Huokoa kile ambacho mnunuzi wa ng'ambo atakipenda, na mnunuzi huyo hupenda magitaa ya kukwaruza kuliko nyimbo za harusi za Ihangiro huko Kagera. Tena biashara hiyo hunufaika na neno "ajabu", kwa sababu siri inauza. Anayetaka kujua nani alipiga besi, alilipwa nini na mirabaha yake inakwenda kwa nani, haimtoshi kuambiwa kwamba bendi ilikuwa ya ajabu.

Kinachowezekana sasa

Kama upotevu una sababu zinazoelezeka, basi una kinga. Kwa kikundi cha leo, kiwe cha Dar es Salaam au kwaya ya kata ya Buganguzi inayorekodi kwa simu, kinga hiyo ni nafuu:

- Andikeni majina ya wote walioshiriki kila wimbo, kazi ya kila mmoja, mahali na tarehe, siku ile ile ya kurekodi.
- Wekeni nakala sehemu mbili au tatu tofauti. Simu moja ikipotea, kazi isipotee nayo.
- Andikishaneni kwa maandishi nani mtunzi na mgao ni upi, na msajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki.
- Wafundisheni wadogo nyimbo zenu wakati mkiwa bado pamoja.
- Mwenye santuri, kanda au picha za bendi za zamani aandike nyuma yake anachokijua kabla ya kuigawa au kuitupa.

Mtu anaweza kusema intaneti imemaliza tatizo hili, kwa kuwa kila wimbo sasa unabaki mtandaoni. Haijamaliza. Wimbo uliopandishwa bila majina ni lebo ile ile ya santuri yenye nafasi chache, na akaunti ikifungwa kwa sababu mwenyewe kasahau neno la siri, hakuna hata kabati la kufungua.

Muhtasari wa sura

Sunburst haikuwa bendi ya mizimu. Ilikuwa bendi huru iliyofanya kazi katika nchi isiyo na kiwanda cha santuri, ikarekodi ng'ambo ya mipaka, mmoja wake ukaja kufungwa, na ikavunjika bila mrithi. Marufuku za serikali zilichangia mazingira, lakini hazitoshi kuwa maelezo, kwa sababu bendi ilizaliwa ndani ya marufuku hizo. Saida Karoli na tendi za enanga zinaonyesha kwamba panapokuwa na jina, nakala na watu wa kurudia, ukimya wa miaka mingi unaweza kuvunjwa. Kwa hiyo safari nyingine redio ikipiga wimbo na mtu akauliza waliishia wapi, lipo swali la kutangulia hilo: nani alipewa kazi ya kuandika? Mara nyingi jibu litakuwa hakuna, na hilo ndilo jambo la kurekebisha.